Mabamba Meupe ya Nchi ya Mwonekano

Nchi ya Mwonekano haimo katika ramani ya shule, na yeyote anayetaka kuipinga habari hii kwa sababu hiyo anaruhusiwa kuishia hapa hapa. Leokadia Kapinga alifika huko akiwa na likizo ya siku kumi na nne, begi moja na binti yake Asteria. Njia waliyopita haina faida kwa msomaji. Yenye faida ni mambo waliyoyakuta.

Leokadia alikuwa fundi sanifu wa maabara katika sekondari moja ya wasichana, mwenye stashahada yake na miaka ishirini na miwili ya kuosha mirija ya kioo. Hakuwa mtu wa kuzungushazungusha maneno. Chupa isiyo na jina kwake ilikuwa dhambi, na mwalimu aliyeiacha mezani alisikia habari zake kabla ya chai. Asteria alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, akifuata kazi ileile ya mama yake, baada ya kuurudia mtihani wa kemia aliokuwa ameufeli vibaya. Mama yake alikuwa amemwambia mara moja tu, "Akili unayo, ila umeifungia kabatini," kisha akamnunulia daftari jipya.

Sheria kuu ya Mwonekano imechongwa juu ya lango la mji: jicho ndilo shahidi wa kwanza na wa mwisho. Watu wa huko wanaifuata bila mzaha. Mnunuzi wa maziwa huyatazama, akaridhika na weupe wake, akayabeba. Mgonjwa wa homa haguswi paji la uso. Hutazamwa tu, na akionekana mzima huambiwa aende shambani. Mwaka mmoja kabla ya ugeni huu mwoka mikate mmoja alikanda chokaa akidhani ni unga, na mahakama ikaona kosa ni la waliokula, kwa kuwa walitafuna kabla ya kutazama vya kutosha. Hukumu hiyo hufundishwa shuleni kama mfano wa busara.

Anayesimamia utazamaji ni Baraza la Watazamaji Saba, na nyuma yao huketi Karani wa Kupepesa, ambaye kazi yake ni kuhesabu kope. Mtazamaji akipepesa zaidi ya mara tatu, ushahidi wake hufutwa. Leokadia alipoelezwa hivyo alimtazama karani huyo kwa huruma. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mpika pombe.

Wageni walifikia kwa Bi Sadifa, mshona mapazia, mjane mwenye nyumba ndogo iliyofagiliwa vizuri. Alikuwa akichechemea, na ngozi ya mguu wake wa kushoto ilikuwa imejikunja hadi gotini.

"Mguu umefanya nini, dada?" Leokadia aliuliza.

"Heshima," Bi Sadifa akajibu huku akimimina uji. "Nilipungukiwa heshima."

Ndipo wakaelezwa habari ya daraja. Kila kijana wa Mwonekano aliyemaliza mafunzo hana ruhusa ya kufanya kazi mpaka avuke Shimo la Makaa, mbele ya watu wote, juu ya mabamba tisa meupe yanayopangwa asubuhi hiyo juu ya reli mbili za chuma. Katikati husimama na kulisifu Baraza kwa beti kumi na mbili. Wengi huvuka. Wachache, kila mwaka, bamba hulainika chini yao, wakatumbukia majivuni. Bi Sadifa alitumbukia akiwa na miaka ishirini, kwenye bamba la sita. Baraza likaandika kwamba alikanyaga kwa shaka.

"Lilikuwa kama ugali usioiva," alisema. "Mguu ukaingia tu."

"Na ukakubali kwamba ni shaka yako?"

"Mabamba yote ni meupe, dada. Yote yanang'aa. Kama si mimi, nani?"

Binti yake, Lulua, alikuwa amekaa kizingitini akisikiliza. Alikuwa amehitimu ukunga, na zamu yake ya kuvuka ilikuwa siku ya tatu. Kwa miezi miwili mama yake alikuwa amemzoeza kutembea juu ya mkeka uani, shingo wima, bila chembe ya shaka. Alitembea vizuri sana. Leokadia alimwangalia akipita kwenye mkeka ule, akaweka bakuli la uji chini.

"Dada," alisema, "shaka haiyeyushi kitu. Kinachoyeyusha ni moto. Hayo mabamba yanawekwa wapi?"

Ghala la Mabamba lilikuwa wazi kwa umma, kwa sharti kwamba umma utazame tu. Ukutani palikuwa na ilani: anayegusa ni mwizi, anayechoma ni mchomaji, anayelowesha ni mharibifu. Ndani kulikuwa na marundo mawili, moja mlangoni, linalochukuliwa kwanza, na moja dirishani, la kujazia yakipungua, na kila bamba lilikuwa pana kama mlango wa kabati na nene kama matofali mawili. Mabamba ya mlangoni yalichimbwa milimani. Ya dirishani yalipikwa bondeni na kugandishwa. Hati za asili yake zilikuwa zimepotea zamani, na Baraza halikuona hasara, kwa sababu hati haziwezi kuwa nyeupe kuliko bamba lenyewe.

Kando ya rundo la dirishani alisimama mtu mzima mwenye kofia ya serikali na ufagio wa manyoya, akipunga kwa bidii.

"Shikamoo, mzee. Unafanya nini hapo?" Asteria aliuliza.

"Marahaba, binti. Mimi ni Afisa wa Sisimizi. Wasipofukuzwa watalimaliza rundo."

"Na lile la mlangoni?"

"Lile hawaliendei."

"Kwa nini?"

Afisa alifikiri kidogo. "Sisimizi hawana macho mazuri," akasema, akaendelea kupunga.

Asteria alimgeukia mama yake, na mama yake akamgeukia yeye.

"Chumvi na sukari," Leokadia akanong'ona. "Wanawatembeza watoto wa watu juu ya moto kwa sukari iliyogandishwa."

Asubuhi ya siku ya pili walikuwa mbele ya Baraza, katika ukumbi unaopakana na ghala, ambako bamba moja la kila rundo lilikuwa limeletwa. Bi Sadifa aliandamana nao akijificha nyuma ya mtandio, na Lulua akaja na ufagio, kwa kuwa wahitimu ndio hufagia ghala wiki ya kuvuka. Mtazamaji Mkuu, Mheshimiwa Bahashani, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole na nyusi zilizochanwa. Alimsikiliza Leokadia mpaka mwisho bila kupepesa hata mara moja. Karani alimshangilia kimyakimya.

"Mama mgeni," alisema, "unatuambia katika weupe huu mna namna mbili?"

"Mbili. Moja inavumilia moto wenu, nyingine haivumilii hata jiko la maandazi."

"Waheshimiwa, mnaona namna ngapi?"

Wale sita walitazama. Wa kwanza aliona weupe. Wa pili aliona weupe mwingi. Wa tatu alitaka iingizwe katika kumbukumbu kwamba yeye ameona weupe zaidi ya mwenzake, na mabishano yakachukua muda ambao Leokadia angeweza kuosha vyombo vya darasa zima. Mwishowe Asteria aliuliza kama hawawezi kuonja tu. Ukumbi uliguna. Mheshimiwa Bahashani alimweleza kwa upole kwamba ushahidi uliomezwa haukubaliki, kwa kuwa hauwezi kuwekwa tena mezani.

"Hata mimi nakukataza," mama yake alimwambia. "Usichokijua hakitiwi mdomoni. Hilo wamepatia, ingawa kwa bahati tu."

"Hata hivyo," Mheshimiwa akasema, "sisi si washamba. Kipimo tunacho." Akapiga makofi, na kikaletwa kisanduku chenye betri, nyaya mbili na taa ndogo. Mgeni mmoja wa zamani alikuwa amekiacha, na sheria ikakipokea, maana kinachotokea katika taa huonekana kwa macho. Kikaitwa Taa ya Ushahidi. Mtumishi aligusisha nyaya mbili kwenye bamba la mlangoni. Taa haikuwaka. Akagusisha kwenye la dirishani. Taa haikuwaka.

"Miaka arobaini tunapima," Mheshimiwa alisema. "Haijawahi kuwaka kwa lolote kati yake. Yote ni ukoo mmoja. Wanaotumbukia ni wenye shaka."

Bi Sadifa alivuta mtandio hadi puani. Leokadia alipandwa na hasira, na hasira kwake huishia kwenye vifaa. Alikinyakua kisanduku, akakifungua, akakwangua ncha za nyaya kwa kucha, akaipuliza betri.

"Taa yenu ni mbovu," alitangaza. "Miaka arobaini mnapima kwa taa mbovu!"

Akazigusanisha nyaya zenyewe kwa zenyewe ili awaonyeshe. Taa ikawaka vizuri, ya njano, mbele ya watu wote.

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa kikubwa. "Mama mgeni, pole!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Labda na wewe una shaka!" Hata Karani wa Kupepesa alicheka, na katika kucheka akapoteza hesabu. Leokadia alisimama na kisanduku mkononi, shingo ikimchoma moto. Kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuzubaa hivyo mbele ya kifaa chake.

Asteria alimsogelea. "Taa ni nzima, Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Mabamba ndiyo makavu. Hata chumvi haipitishi umeme ikiwa kavu. Wamepima sawa, ila wamepima mahali pasipo na jibu."

Leokadia alimtazama binti yake. Alijua jambo hilo. Alilijua kabla Asteria hajazaliwa, na lilikuwa limemtoka kwa sababu ya makelele. Akamkabidhi kisanduku.

"Basi simama," alisema. "Sema kwa sauti, wasikie."

Asteria alisimama.

"Waheshimiwa, shikamooni. Kuna koo mbili za vitu. Ukoo wa kwanza ni wa kupeana. Mmoja humpa mwenziwe alichonacho, kikatoka kabisa. Aliyetoa akabaki na pengo, aliyepokea akabaki na ziada, na tangu siku hiyo hawaachani. Tena hawashikani wawili tu. Kila mmoja huvutwa na majirani pande zote, safu kwa safu, kama matofali. Ndiyo sababu moto hupata tabu kuwatenganisha. Kwetu chuoni tunaziita kampaundi za ayoni. Ukoo wa pili ni wa kushiriki. Hawapeani kitu, wanatumia kimoja pamoja, kama wanandoa na mkeka mmoja. Hao ni kovalenti. Katika koo nyingi za hivyo, sukari ikiwamo, ndani ya nyumba wanashikana sana, lakini nyumba na nyumba zinaegemeana tu. Ukiwasha moto kidogo, nyumba zinaachiana."

"Maneno mazuri," alisema Mheshimiwa Bahashani. "Yanaonekana?"

"Yataonekana, mkinipa maji."

"Kulowesha bamba ni uharibifu!"

"Siloweshi bamba, Mheshimiwa." Akamgeukia Lulua. "Dada, ulipofagia asubuhi, vumbi la chini ya marundo ulilipeleka wapi?"

"Limo kwenye mifuko miwili, nyuma ya mlango wa ghala," Lulua alijibu. "Kila rundo na mfuko wake. Huwa tunalitupa."

Baraza lilitafuta katika kitabu cha sheria kama takataka za bamba ni bamba. Hazikuwa. Sheria hiyo ilikuwa imetungwa na watu ambao hawakuwahi kufagia.

Yaliletwa maji ya mvua katika bilauri tatu. Asteria hakutia kitu katika ya kwanza. Alitumbukiza nyaya humo kwanza, katika maji matupu, akasubiri, taa ikabaki giza, akawaambia watu wote waione ilivyo giza. Kifua cha Leokadia kilijaa. Hakuna aliyemwambia aanze na maji matupu. Wanafunzi mia kwa mia huliruka hilo, na mtoto wake hakuliruka.

Katika bilauri ya pili alitia vumbi la dirishani, akakoroga mpaka likapotea lote. Taa ikabaki giza.

"Limeyeyuka, mmeona?" alisema. "Kwa hiyo msidanganywe na kuyeyuka peke yake. Koo zote mbili zinaweza kuingia majini. Tofauti ni kwamba hawa wameingia nyumba kwa nyumba, milango imefungwa, hawabebi ujumbe wowote."

Akafuta nyaya kwa kitambaa, akatia vumbi la mlangoni katika bilauri ya tatu, akakoroga, akatumbukiza. Taa iliwaka.

Hakuna aliyecheka. Bi Sadifa alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyechomwa sindano.

"Hawa majini wameachana mmoja mmoja," Asteria aliendelea, "na kila mmoja bado ana pengo lake au ziada yake. Hao ndio wanaotembea na umeme. Wakiwa bamba kavu wamefungwa kwenye safu zao, hawaendi popote, ndiyo maana taa yenu ilinyamaza miaka arobaini. Lulua avuke kwa mabamba ya mlangoni peke yake. Yale ya dirishani yapelekwe jikoni."

Watazamaji walijadiliana. Mmoja alisema huenda maji ndiyo yaliyowaka, akakumbushwa bilauri ya kwanza. Mwingine alisema chumba kina upepo. Mheshimiwa Bahashani alifunga macho, jambo ambalo halikuwahi kuonekana, na Karani hakujua aliandike vipi.

"Sheria inasema hivi," alisema alipoyafumbua. "Anayepinga mabamba atatangulia kuyakanyaga aliyoyachagua, kabla ya mhitimu."

"Niandikeni mimi," Leokadia akasema papo hapo. "Mpinzani ni mimi. Nilianza mimi."

"Aliyetumbukiza nyaya ni binti."

"Ni mtoto!"

"Mama," Asteria akasema, "nina miaka ishirini. Na nimepima mimi."

Kesho yake adhuhuri mji wote ulikuwa kando ya Shimo la Makaa. Joto lake liliwasukuma watu nyuma hatua kumi. Mabamba tisa kutoka mlangoni yalilazwa juu ya reli. Leokadia hakuwa amelala vizuri. Usiku kucha alikuwa ameipima kazi ya binti yake kichwani, hatua kwa hatua, akitafuta kosa kama anavyotafuta nyufa kwenye bilauri, na hakuliona. Hilo lilimpa nguvu ya kusimama, lakini halikumwondolea hofu. Kwa hiyo akatoa sharti lake.

"Lazeni bamba moja la dirishani pembeni, mwisho kabisa, mahali asipopita mtu."

"La nini?"

"La kutazama. Si mnapenda kutazama?"

Hawakuweza kulikataa hilo. Bamba la dirishani likalazwa. Kwa muda lilikuwa jeupe kama mengine, na Watazamaji wakaanza kutabasamu. Kisha likawa la rangi ya chai ya maziwa, halafu ya asali. Likajipinda katikati. Harufu ya sukari iliyoungua ikawafikia watu wote, pua zao zikafanya kazi bila kibali, na tone la kwanza la kahawia likaanguka makaani likatoa moshi. Bamba lote likalegea, likateleza kati ya reli, likazama. Yale tisa yalikaa vilevile.

Bi Sadifa alikuwa akiutazama mguu wake. Alishika sketi akaipandisha hadi gotini, mbele ya mji mzima, akaiacha hapo.

"Nilikuwa nimekanyaga sawa," alisema kwa sauti. "Lulua, umeona? Nilikuwa nimekanyaga sawa."

Leokadia alimshika Asteria mabega, akamfunga kamba za viatu mwenyewe kana kwamba ni mtoto wa chekechea.

"Sikiliza. Chumvi inavumilia moto, haivumilii kishindo. Ukiigonga, safu zinasogea, wanaofanana wanakutana uso kwa uso na kusukumana, bamba linapasuka. Usiruke. Usikimbie ukifika karibu na mwisho. Hapo ndipo watu hukimbia. Weka mguu mzima, polepole."

"Najua, Mama."

"Najua kwamba unajua. Nenda."

Asteria akaenda. Hakusimamisha shingo, hakutazama mbele kwa madaha. Alitazama chini, mahali mguu unapokwenda, kama mtu mwenye akili anayepita juu ya moto. Katikati alitakiwa kulisifu Baraza kwa beti kumi na mbili. Alisema, "Ni joto sana hapa, mnisamehe," akapita. Bamba la sita. La saba. Leokadia aligundua kwamba amemshika mkono Afisa wa Sisimizi, na kwamba anamwumiza. La nane, la tisa, kisha udongo.

Lulua alifuata mara moja, na mama yake akasimama ng'ambo akimwita hatua kwa hatua: "Polepole. Mguu mzima. Polepole." Alipofika, Bi Sadifa alimkumbatia kwa nguvu mpaka beji ya ukunga ikapinda.

Baraza lilikutana palepale, likaazimia kwamba kuanzia siku hiyo Taa ya Ushahidi itatumika katika maji, ila Watazamaji wakae mbali nayo kiasi cha kutolowa, na kwamba ugunduzi huu umefanywa na Baraza. Azimio lilipita kwa kura saba. Leokadia alilisikia lote, akaliacha lipite. Mabamba ya dirishani yalikuwa tayari yamepakiwa kwenye mikokoteni kupelekwa jikoni, nalo ndilo alilokuja kulitaka.

Mheshimiwa Bahashani alisogea na kitabu kikubwa, Karani nyuma yake na kalamu. Ilikuwa desturi kuandika ukoo wa kila aliyevuka. Alimtazama Asteria tangu kichwani mpaka kwenye viatu vilivyoungua soli, akamtazama tena, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akapepesa mara nne.

"Simjui kwa kumtazama," alikiri. "Huyu binti ni wa nani?"

Leokadia alikuwa amepiga magoti akimvua mwanawe viatu ili ampulizie nyayo. Hakuinua kichwa.

"Wangu," alisema.